Kutoka Kasongo hadi Shangani, kwa mguu mmoja na mkongojo

Koko yangu, mama ya mama, alikuwa na neno moja lililomaliza kila ubishi nyumbani: "Sisi ni wangwana." Alizaliwa Kasongo, akaolewa Kalemie, akazeeka akikaa kwenye barza ya nyumba yetu kutoka asubuhi mpaka mangaribi. Mtu akimuuliza wazee wake walikuwa nani wakati wa Waarabu, jibu lilikuwa hilo tu. Wangwana, maana yake watu huru. Hapana watumwa, hapana wabebaji wa pembe. Ukizidi kuuliza, anakutuma kuchota maji.

Mimi hakunituma. Nilipata polio nikiwa na miaka miwili, wakati wa vita, wakati chanjo haikuwa inafika kila fasi. Mguu wa kushoto ulibaki mwembamba. Natembea na apareyi ya chuma na mkongojo mmoja. Wenzangu walipokuwa ziwani, mimi nilibaki na koko kwenye barza, na neno lile nililisikia mara nyingi kuliko ndugu zangu wote. Alikufa nikiwa mwaka wa pili wa agronomia. Aliondoka na ulizo langu bila kulijibu.

Mwaka jana niliitwa Morogoro, Tanzania, kwa mafunzo ya wiki tatu juu ya mbegu za mpunga. Nilipoona kwenye ramani kwamba Zanzibar haiko mbali na pale, nilijua nitafanya nini na siku zangu mbili za mwisho. Nilitaka kuona Shangani, mtaa wa pwani wenye nyumba ya Tippu Tip, mtu ambaye jina lake kwetu Maniema bado linatajwa kwa sauti ya chini. Ndugu wasomaji, nitawaeleza nilichoona, lakini kwa mwendo wangu. Sina mwendo mwingine.

Njia yenyewe kwanza

Nilivuka ziwa kwa bato kutoka Kalemie mpaka Kigoma, kisha nikapanda treni. Reli ile ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa inafuata njia ya zamani ya misafara: upande wa Ujiji, Tabora, halafu kushuka pwani. Nilikaa dirishani nikifanya hesabu. Kutoka Kasongo mpaka Bagamoyo, ukipiga mstari ulionyooka kwenye ramani, ni zaidi ya kilometa 1,300, na njia ya miguu haijawahi kunyooka hata siku moja.

Kwa nini kila kitu kilibebwa na watu? Sisi wa agronomia tunajua jibu moja: mbung'o. Ng'ombe, punda na farasi walikufa njiani kwa ugonjwa wa mbung'o, hivyo mzigo ulibaki kwa kichwa na bega la mtu. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti zilipanda bara. Mpagazi mmoja alibeba karibu kilo 30, mwezi baada ya mwezi.

Lakini tusichanganye mambo, juu historia hii inachanganywa sana kwetu. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi wa upande wa Tabora, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa malipo. Wengine walikuwa watumwa. Na watumwa wengi waliouzwa katika soko la Zanzibar walitoka upande wa Ziwa Nyasa, wakapitia Kilwa. Maniema ilitafutwa kwanza kwa pembe. Mateka wa kwetu wengi walibaki njiani, Ujiji, Tabora, katika mashamba na nyumba za wafanyabiashara. Wengine walifika mpaka baharini. Njo maana mpaka leo, Kigoma, Tabora, Dar es Salaam na hata Zanzibar, utakuta watu wanaoitwa Wamanyema.

Mji uliojengwa kwa watu wenye miguu

Meli kutoka Dar es Salaam inakuteremsha Malindi, kwenye ukingo wa Mji Mkongwe. Nilikuwa nimelipia matembezi ya kikundi. Kijana aliyekuwa anatuongoza aliangalia mguu wangu, akaangalia saa yake, akaniambia kwa heshima kwamba ingekuwa vizuri niwangoje wenzangu pale Forodhani, kwenye bustani, juu vichochoro vina ngazi na ningewachelewesha. Hakuwa na ubaya. Alirudisha nusu ya pesa yangu. Lakini nilibaki nimekaa mbele ya bahari na hasira ya mtu ambaye amepita nchi nzima kwa treni ili aachwe mita mia chache kutoka alipokuwa anakwenda.

Nyuma yangu lilikuwa Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alijenga mwaka 1883. Linatajwa kuwa jengo la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Nilicheka peke yangu. Mji mzima wa ngazi, na lifti iliwekwa kwenye jumba la sultani! Na jumba lenyewe, sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 wakati linakarabatiwa, na mafundi wawili walikufa. Nikaona basi, kama jumba lenye lifti limeshindwa kusimama, mimi mwenye mkongojo nitajaribu. Nikaingia Shangani peke yangu.

Ukiwa na mguu kama wangu, macho yako yako chini kwanza. Niliona mawe yaliyolainishwa na nyayo, mifereji ya maji, vizingiti vilivyoinuka ambavyo lazima uvuke kabla ya kuingia nyumba yoyote. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari zinashikwa na boriti za mikoko, na kwa vile mti wa mkoko haurefuki bila mwisho, vyumba vingi havizidi mita tatu kwa upana. Yaani kipimo cha chumba cha tajiri kiliamuliwa na mti wa kwenye matope! Ukiwa agronomu, kitu kama hicho kinakufurahisha hata mguu ukiuma.

Vichochoro vingine, ukinyoosha mikono, unagusa kuta zote mbili. Gari halipiti. Kinachopita ni pikipiki, baiskeli na mikokoteni ya mahamali. Mmoja alikuja nyuma yangu na mkokoteni uliojaa magunia, sawa vile vijana wetu wa Goma na chukudu, akapaza sauti: "Samahani waungwana, njia!"

Waungwana. Nilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Kule neno hili ni adabu tu ya kila siku, njia ya kuwaita watu wote kwa heshima. Kwetu koko alilishika kama hati ya kiwanja. Hamali akapita, akanishukuru, na mimi bado nimeegemea ukuta.

Baraza

Mguu ulikataa kabla ya nusu saa. Hapo nikaelewa kitu ambacho wale wa kikundi, kwa haraka yao, labda hawakukiona. Karibu kila nyumba ya Shangani ina kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nje. Kinaitwa baraza. Mwenye nyumba anapokea wageni pale bila kuwaingiza ndani kwa wake zake na binti zake. Wazee wanacheza bao pale. Wauzaji wa kahawa wanasimama pale. Mvua kubwa ikijaza njia, watu wanapita juu ya mabaraza kama daraja. Na mtu aliyechoka anakaa, bila kulipa, bila kuuliza.

Baraza! Sisi Wakongo tunasema barza, hata katika Kifaransa chetu. Nyumba bila barza kwetu haijaisha. Kivu ya Kaskazini, wazee wa makabila walipotaka kukaa pamoja kumaliza ugomvi, chombo chao kiliitwa Barza. Nilikuwa nimekaa juu ya mama ya neno lile. Neno hilo lilifika kwetu kwa njia ileile ya pembe na bunduki, kinywani mwa watu waliotembea.

Mzee mmoja alitoka mlangoni akiwa na kikombe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa kitako mwanangu, usisimame. Watoka wapi?"

"Kongo, mzee. Niko mtu wa Kalemie, lakini mama yangu ni wa Kasongo."

"Kasongo ya Manyema?"

"Njo yenyewe."

Akacheka, akarudia "njo yenyewe" kama anaonja tunda. Kiswahili sanifu tunachosoma vitabuni kilichaguliwa kutoka Kiunguja, lugha ya mji wake, wakati wa Waingereza. Mbele yake kila sentensi yangu ilikuwa mtihani. Halafu akaniambia: "Bibi yangu mimi alikuwa Mmanyema."

Kwetu bibi ni mke. Nikamuuliza kwa heshima kama bibi iko nyumbani, nimsalimie mtu wa kwetu.

"Bibi yangu? Amekufa mimi mtoto mdogo! Mke wangu ndiye yuko ndani anapika."

Tulicheka wote wawili mpaka mke mwenyewe akachungulia. Kisha akakaa karibu yangu, akanieleza kidogo alichokuwa nacho. Bibi yake aliletwa Unguja akiwa mtoto. Hakutaja jina la kijiji. Hakutaja aliyemleta. Wajukuu wakimuuliza alikujaje, alisema: "Nilikuja kwa miguu." Basi. Ukizidi kuuliza, anainuka na kuondoka.

Sikujua niseme nini. Nilikuwa nimefunga safari kutafuta jibu ambalo koko yangu alilinyima, nikakuta ng'ambo ya bahari bibi mwingine aliyefunga mdomo vilevile.

Nyumba ya Hamed bin Muhammed

Mzee ndiye alinionyesha njia, akinikatia kona zenye ngazi. Nyumba ya Tippu Tip iko Shangani, si mbali na bahari. Ina mlango mzito wa mbao zilizochongwa, wa aina ile ambayo Zanzibar inajivunia. Kwenye milango hii wachongaji waliweka maua, samaki, mitende, na kwenye miimo ya mingi kuna mchoro wa mnyororo. Nilipumzika chini ya mwimo, sikuomba kuingia.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndilo jina lake, alizaliwa Zanzibar karibu mwaka 1837. Nyumba ya mababu zake ilikuwa ya wafanyabiashara wa pwani na bara, wenye damu ya Kiarabu na ya Kiafrika. Aliingia bara akiwa kijana, akasukuma misafara yake kupita Tanganyika mpaka Lualaba, akafanya Kasongo kuwa makao yake. Mwaka 1876 Stanley alimkuta Maniema, wakafanya mkataba amsindikize sehemu ya njia ya mto. Mwaka 1887 walikutana tena, safari hii Zanzibar. Pale alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Leopold wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Na angalieni jambo hili: hakurudi Kongo kwa miguu. Alipanda meli, akazunguka Afrika yote ya kusini, akaingia kwa mlango wa mto Kongo. Mtu ambaye mali yake yote ilitembea kwa miguu ya wengine alisafiri ameketi.

Alirudi Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1890, kabla moto haujawaka. Kuanzia 1892 mpaka 1894 Dola Huru ya Kongo ilipigana na mabwana wa Maniema. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka 1893, na mwanawe Sefu aliuawa. Baba alikuwa huku, karibu na bahari. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na yalichapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, kati ya maandishi ya kwanza ya aina hiyo katika lugha yetu. Alikufa katika mji huu mwaka 1905.

Sasa, wangwana wa koko walikuwa nani katika hadithi hii? Njo ulizo langu. Kwa Maniema, wangwana walikuwa watu wa misafara: waliovaa kanzu, walioshika bunduki, waliosema Kiswahili. Lakini wengi wao hawakutoka pwani. Walikuwa vijana wa kwetu, wengine wametekwa wakiwa watoto, wakakulia katika msafara, wakapewa bunduki, wakatumwa kuteka wengine. Ngongo Lutete, ambaye vijana wa Sankuru na Lomami wanamjua vizuri, inasemwa alikuwa mtumwa utotoni kabla ya kuwa jemadari mwenye nguvu. Alimpigania Tippu Tip, kisha akageukia Dola Huru, na Dola Huru hiyohiyo ikamuua kwa risasi mwaka 1893. Ukimuuliza mtu kama huyo, "Wewe ni mtekaji ama mtekwa?", angejibu nini?

Mkunazini

Siku ya pili nilitoka asubuhi, nikapita Sokomuhogo, nikafurahi kuona zao letu la kila siku limepewa mtaa mzima. Kisha nikafika Mkunazini, kwenye kanisa la Waanglikana. Soko la watumwa lilikuwa hapa mpaka mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga kwa kulazimishwa na Waingereza. Mwaka huohuo wamisioni walianza kujenga kanisa juu ya uwanja wake, na Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, ndiye pia aliyeandika vitabu vya kufundisha Kiswahili.

Wageni wanashuka ngazi kuona vyumba vya chini ambamo, wanaambiwa, watumwa walifungiwa. Wanahistoria wengine wanabisha, wanasema vyumba hivyo vilijengwa baada ya soko kufungwa. Mimi sikushuka. Ngazi ni nyembamba, dari ni fupi, na mkongojo hauna fasi.

Lakini nje kuna shimo lililochimbwa ardhini, na ndani yake sanamu tano za watu wazima, minyororo shingoni. Ni kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Hauhitaji ngazi. Unasimama kwenye ukingo na wao wanabaki chini. Nilisimama pale mpaka mkono wa mkongojo ukafa ganzi.

Nilikuwa nafikiria kitu ambacho Livingstone aliandika mwaka 1866, alipokuwa anapanda mto Ruvuma. Alipita mwili wa mwanamke aliyefungwa shingo kwenye mti. Watu wakamweleza kwamba alikuwa ameshindwa kwenda sawa na wenzake. Hiyo tu ndiyo ilikuwa kosa lake. Hakwenda sawa na wenzake.

Ndugu zangu, mimi maisha yangu yote sijaenda sawa na wenzangu. Darasani, shambani wakati wa stage, jana yake kwenye kikundi cha watalii. Kosa hilo lilinigharimu nusu ya siku na nusu ya pesa. Miaka 150 nyuma lingenigharimu mti na kamba. Sanamu zile tano zinaonyesha watu waliofika. Walioshindwa kutembea hawana sanamu, hawana soko, hawana hesabu. Wako katika kilometa zile zote nilizopita nimekaa dirishani.

Nilichorudi nacho

Morogoro tulikuwa tunasoma mbegu za mpunga. Kasongo na Nyangwe, mpunga ulienezwa na watu hao hao wa misafara. Maofisa wa Dola Huru walipoingia Kasongo walikuta mashamba makubwa. Mchele wa Maniema ambao leo tunausifu, maembe ya barabarani, lugha ninayoandikia, neno barza: vyote vimepita njia moja na minyororo. Sitatupa mchele, wala sitasahau minyororo. Lakini nimechoka kusikia kwetu watu wanatumia historia hii kama jiwe la kumtupia jirani: ninyi ni watoto wa Waarabu, ninyi ni watoto wa watumwa. Nani anajua? Koko yangu labda alisema kweli. Labda wazee wake walishika bunduki. Labda mama ya mama yake alikuja Kasongo amefungwa, na neno "wangwana" lilikuwa kitambaa cha kufunika kidonda. Inawezekana kabisa kwamba yote mawili ni kweli katika ukoo mmoja, hata katika mtu mmoja.

Kabla ya kurudi bandarini nilipita kumuaga mzee wa Shangani. Alikuwa kwenye baraza lake. Akasogea kunipa fasi, tukakaa bila kusema mingi, yeye mjukuu wa aliyekuja kwa miguu, mimi mjukuu wa mngwana. Kikundi kingine cha watalii kikapita mbio mbele yetu.

Wengi wenu mna koko bado. Ana miaka 80, 85, anakaa kwenye barza, anajua kitu ambacho hakimo katika memwari ya mtu yeyote. Mkiwa likizo, msipite mbio. Kaeni naye. Ulizeni. Akiwatuma kuchota maji, chukueni bido, nendeni mchote, mrudi, muulize tena.